Hatua Moja Kando ya Khandu

Kila alipovuta upinde, Ap Gyembo alimuua kwanza shemeji yake kichwani mwake. Alimwona Khandu ameshika shingo, ameanguka chali kwenye majani, na wanaume wa kijiji wamemzunguka wasijue la kufanya. Akishamaliza kumuua hivyo ndipo alipoachia mshale, kisha akatega sikio. Wakiimba kule mwisho wa uwanja, amepata. Wakimzomea, amekosa. Vyovyote vile Khandu yu hai, na yeye Gyembo anapata kupumua mpaka zamu yake nyingine.

Mambo hayakuanzia hapo. Yalianzia begani. Gyembo, Ap kama wanavyowaita wazee kwao, alikuwa akipiga upinde wa mianzi tangu ndevu hazijamwota, na alipovuka miaka sitini bega la kulia likamwambia basi. Akivuta, mkono unatetemeka. Akilala, bega linawaka moto. Alipotangaza kwamba anaacha, kijana wake anayekaa Thimphu, mji mkuu, akamletea upinde wa kisasa, ule wenye magurudumu na nyaya, ambao ukishauvuta zaidi ya nusu uzito unapungua wenyewe na mzee anaweza kutulia akalenga. Watu walimtania kwamba amenunua baiskeli. Aliona haya kwa muda, halafu akauzoea, na mwaka ule mkanda wake ulijaa vitambaa vya rangi, vile anavyopachikwa mtu kila anapopata ubao wa shabaha, kuwashinda hata vijana.

Magoti nayo yalipoanza ukorofi, akajifunza kusimama miguu imetanuka, na kwenye ngoma ya ushindi akawa anainua mkono badala ya mguu. Kila kiungo kilichochoka alikitafutia njia. Mjanja alikuwa mjanja, hilo tusimnyime.

Kisha yakaja macho. Uwanja wao ni mrefu, unazidi mita mia moja kutoka ubao hadi ubao, na ubao wenyewe ni kipande cha mti kilichochomekwa ardhini, chembamba, hakifiki kifuani. Gyembo alianza kuuona una ukungu. Baadaye ukawa unatokea na kupotea. Halafu siku moja ya mazoezi akatazama kule mwisho asiuone kabisa. Aliona watu tu, mabonge ya rangi yakitikisika.

Maana watu wa bonde lile hawakai mbali na ubao. Wanasimama kando yake, hatua moja, hatua mbili, wa timu zote mbili. Wenzako wanakuelekeza kwa mikono. Wapinzani wanakucheza shere, wanakupa mgongo na kukutikisia makalio, na mshale ukija wanaruka pembeni wakicheka. Ndivyo walivyocheza babu zao. Anayesimama mbali ataitwa mwoga mpaka azeeke.

Lhaden, mkewe, alimburuta hospitali. Daktari, msichana mpole, akamwangalia na kumwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ni jambo dogo, analitoa asubuhi na jioni mzee yuko nyumbani kwake. Gyembo akauliza analitoa kwa kitu gani. Kwa kisu kidogo sana, akasema daktari. Gyembo akauliza kama atakuwa amelala. Daktari akasema hapana, atakuwa macho, ila hatasikia maumivu. Basi mtu huyu, ambaye aliwahi kumfukuza dubu kwenye mahindi kwa kipande cha ukuni, akavaa kofia yake na kusema atarudi baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Yakapita na ya mwaka uliofuata. Lhaden aliomba, akanuna, akamnyima chai ya siagi, mwishowe akanyamaza.

Mwenyewe akajitafutia dawa yake, na dawa hiyo ilikuwa Khandu. Khandu ni kaka yake Lhaden, mtu mnene mwenye maneno mengi; kwanza Gyembo alimtambua kwa ule unene, kisha tangu mwaka uliotangulia Khandu akawa na gho jekundu, lile joho la wanaume lifungwalo kiunoni, jekundu la kuumiza macho, alilokuwa akilivaa kila siku ya mchezo. Kawaida yake ni kupiga mapema, kisha kuvuka uwanja na kusimama kando ya ubao upande wa mlima, hatua moja. Hakuna mwingine aliyevaa rangi ile. Kwa hiyo Gyembo alilitafuta lile jekundu katikati ya ukungu, akalipata, akasogeza upinde hatua moja upande wa mto, akaachia. Na mshale ukapata ubao. Si kila mara, lakini mara za kutosha watu wasishuku kitu.

Hebu fikiria. Mtu mzima anatafuta kifua cha shemeji yake kwa ncha ya chuma, akishakipata barabara ndipo anasogea kidogo. Mkono ukiteleza, bega likishtuka, mbu akimng'ata shingoni, basi. Atarudi nyumbani kumwambia Lhaden nini? Aliwaza hayo akila, akilisha ng'ombe, akiwa msalani. Aliyaacha yamle, lakini hakuacha upinde.

Usimwone mpumbavu. Alikuwa amemwona Ap Phub, jirani yake, alivyofanywa alipoacha kupiga. Mwaka wa kwanza walimwita achemshe chai ya wapigaji. Mwaka wa pili walimsahau, akawa anatazama kwa mbali kutoka mlangoni kwake huku amevaa nguo zake za sikukuu. Mwaka wa tatu alikufa, na hakuna aliyeweza kusema alikuwa anaumwa nini. Gyembo aliogopa kisu, aliogopa kumuua Khandu, na aliogopa ule mlango wa Phub. Hofu tatu zilikuwa zimemweka kati, na kila alipoikimbia moja alijikuta mikononi mwa nyingine.

Mwezi wa mwaka mpya ukafika, na pamoja nao mechi kubwa na kijiji cha bondeni. Wapigaji hulala pamoja kwenye banda, mbali na wake zao, ili bahati isichafuke. Lhaden alipokuwa akimfunga mkanda kabla hajaondoka, alisema bila kumtazama usoni, "Mwangalie kaka yangu."

"Ana nini?" Gyembo akauliza.

"Hana kitu," akasema Lhaden, akakaza mkanda mpaka ukamuuma.

Asubuhi yake mambo yalikwenda kama kawaida. Khandu alisimama mahali pake, jekundu likawaka, Gyembo akamuua kichwani na kumwacha hai uwanjani. Alipata ubao mara moja, akaimbiwa, akapachikwa kitambaa cha kijani. Lakini timu ilikuwa inapigwa. Watu wa bondeni walikuwa na vijana wawili wasiokosa, tena walikuwa na Chador, mzee mwembamba mwenye kejeli za kuudhi, ambaye hakuondoka kando ya ubao, upande wa mto, hata kula, akiuliza kwa sauti kama hawa wenzetu wamekuja kupiga mishale au kutafuta kuni.

Baada ya chakula, Nidup, nahodha wao, akampigia simu mnajimu. Usicheke, hakuna timu bonde lile inayoingia uwanjani bila mnajimu, na ukishindwa bila kumuuliza watu watakulaumu wewe, si mishale. Mnajimu akapiga hesabu zake na kusema upande wa mlima una nuksi siku hiyo kwa waliozaliwa mwaka wa ng'ombe, maana kwao kila mwaka una mnyama wake. Wahamie upande wa mto. Kwenye timu nzima aliyezaliwa mwaka wa ng'ombe ni mmoja, naye ni Khandu. Khandu alibisha sana, watu walishangaa alivyobisha, akasema hahami hata kwa kuvutwa. Nidup akamvuta kweli, huku akimwambia kwamba wakishindwa kwa ukaidi wake watamnyoa.

Hayo yote yalifanyika mwisho mmoja wa uwanja. Gyembo alikuwa mwisho wa pili, nyuma ya ukuta wa mawe, akijisaidia, maana kibofu cha mzee nacho hakingoji. Aliporudi akaambiwa zamu yake imefika. Hakuna aliyemwambia lolote. Wangemwambia ili iweje? Ubao haukuwa umehama.

Akatanua miguu, akaweka mshale, akatafuta. Jekundu lile hapo. Lakini lilikuwa halitulii. Lilirusha mikono juu, likainama, likaruka, likarusha mikono tena. Khandu leo amekunywa, aliwaza Gyembo, au ananitia moyo kwa sababu tunapigwa. Akavuta. Uzito ukapungua mkononi. Akamwona shemeji yake ameshika shingo, ameanguka chali. Akangoja picha hiyo ipite kama alivyozoea kungoja, akasogea hatua moja upande wa mto, akaachia.

Akatega sikio. Hakukuwa na wimbo, wala zomeo.

Kule mwisho mabonge ya rangi yalikuwa yamekusanyika pamoja. Jekundu halikuwa limesimama tena. Lilikuwa chini. Alikaza macho mpaka yakatoka machozi, na alichokiona ni wekundu umelala kwenye majani, umetandaa, usiotikisika. Ni gho au ni damu? Nyuma yake walisimama wenzake wenye macho mazima, ambao walikuwa wanaona kila kitu, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Alitaka kuuliza. Neno lilikuwa kwenye ulimi: nani ameanguka? Lakini akiuliza atakuwa amejifichua, maana mpigaji gani haoni mshale wake umekwenda wapi? Na hapo, wakati pengine Khandu anakata roho, Ap Gyembo alisimama na siri yake mdomoni, akiilinda. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote baadaye, kila alipolikumbuka. Alinyamaza. Alinyamaza kwa muda ambao mtu angeweza kumaliza kikombe cha chai.

Kisha akaanza kutembea. Hakuchagua kutembea, miguu ilijiondokea. Alivuka uwanja katikati, mahali ambapo hakuna anayepita mishale ikiwa mikononi mwa watu, na mtu akamwita kwa nyuma asigeuke. Alikuwa anaomba kila alichojua kuomba, na sala zikawa zinachanganyikana, mwisho wa hii na mwanzo wa ile. Alimwomba Lhaden msamaha. Aliahidi kuchoma upinde.

Jekundu likasimama. Likajipangusa. Likaanza kuja upande wake, na sauti ya Khandu ikamfikia kabla ya sura, ikimlaani Nidup, mnajimu, na ng'ombe wote waliowahi kuzaliwa. Gyembo akakaa kwenye majani pale pale.

Kule kwenye ubao sasa watu walikuwa wanacheka. Chador alikuwa anapaza sauti ili kila mtu asikie. Alisema huyu mnene amemrukia kama mke mwenye wivu na kumwangusha chini, na mshale ukapita pale pale lilipokuwa kichwa chake ukavunjikia kwenye mawe. Tena amemrukia kabla mzee hajaachia. Kabla! Kwani naye siku hizi ni mnajimu?

Wote walicheka kwa sababu ulikuwa mchezo, na mchezoni mishale hupita karibu. Gyembo hakucheka. Alikuwa amelisikia neno lile moja. Khandu alipofika akaketi kando yake akihema, na kwa ukaribu ule Gyembo aliweza kumwona vizuri, majani kwenye nywele na yote.

"Ulimsukuma Chador kabla sijaachia," akasema Gyembo. "Ulijuaje mshale utakwenda kule?"

Khandu akatoa jani la tambuu kifukoni, akawa analipaka chokaa. "Kwa sababu siku zote unakwenda hatua moja kutoka kwangu, shemeji. Nikihama mimi, unahama wewe."

"Umejua lini?"

"Mwaka jana, siku ya mazoezi, nilikwenda kunywa maji, ukapiga kichaka. Nikarudi, ukapata ubao. Nikaondoka tena makusudi, ukapiga kichaka tena. Mimi ni mnene, si mjinga."

"Na hukusema."

"Ningesema wangekutoa. Ukae mlangoni kama Phub, dada yangu akutazame unavyokwisha." Akaliweka jani mdomoni, likamdondoka, akaliokota. "Nikamwambia Lhaden anifumie gho ambalo hata kipofu ataliona. Alifuma huku analia. Hatukusema neno jingine mimi na yeye, mpaka leo."

Gyembo akasema kwamba alikuwa anaogopa. Kwamba hajalala usiku mmoja bila kuota.

"Unaniambia mimi habari ya kuogopa?" Khandu hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana Khandu ni mtu wa kelele. "Wewe unaogopa kisu kidogo cha yule msichana kwenye jicho lako. Mimi mwaka mzima nimesimama mbele ya chuma chako ili usiende kwake. Haya, hesabu mwenyewe nani ana haki ya kuogopa."

Nidup akaita kutoka kule mwisho. Kila mpigaji ana mishale miwili, na wa pili wa Gyembo ulikuwa bado. Huu ukipata ubao, wataweza kurudi mchezoni. Ap Gyembo afanye haraka, jua halimsubiri.

"Nenda," akasema Khandu. "Narudi upande wa mlima, mnajimu akitaka aje anitoe mwenyewe. Nenda, nitasimama."

Akainuka na kunyoosha mkono amvute Gyembo, na Gyembo akauona ule mkono. Ulikuwa unatetemeka, mkono mzima hadi kiwiko, na chokaa nyeupe imemwagika juu ya vidole. Hakuwahi kuuona hivyo. Kwa mwaka mzima alikuwa akiutazama kutoka mbali na kuona rangi tu.

Akaushika, akasimama, lakini hakurudi kwenye upinde. Alikwenda na Khandu mpaka kwenye ubao, mbele ya Nidup na Chador na wote, akautoa mshale wake wa pili mkandani, akampa Nidup.

"Apige mwingine," akasema. "Mimi sioni ubao. Mwaka mzima sijauona. Nilikuwa namlenga Khandu."

Aliingoja kejeli ya Chador, haikuja. Chador alikuwa amejishika shingo, anaipapasa taratibu. Watu wawili watatu walijisogeza kutoka mahali walipokuwa wamesimama asubuhi yote, kana kwamba mshale bado unakuja. Nidup akaugeuza mshale mkononi. Mwishowe akasema wazee wapumzike, chai ipo, na Gyembo akasikia katika neno hilo mlango wa Phub ukimfungukia.

Khandu naye alilisikia. Akamshika Gyembo mkanda na kumvuta kando ya ubao, upande wa mlima, hatua moja, mahali pake yeye.

"Chai baadaye," akasema. "Mtu hahitaji macho kusimama hapa. Simama."

Mmoja wa wale vijana wa bondeni wasiokosa alikuwa tayari kule mwisho. Gyembo hakumwona. Hakuona chochote ila weupe wa mchana na vivuli ndani yake. Alikuwa amesimama hapo maisha yake yote, enzi za macho mazima, akiruka na kucheka na kutikisa makalio kama wengine, kwa sababu mshale unauona unakuja na mguu unajua la kufanya. Sasa hakujua aruke wapi. Hakujua hata kama umeshaachiwa.

Akausikia. Sauti nyembamba, ya kitambaa kinachochanwa, ikazidi, ikaja moja kwa moja usoni kwake. Akamkamata Khandu mkono kwa mikono yake yote miwili. Kitu kikagonga ardhi mbele ya viatu vyake na udongo ukamrukia.

"Umekwenda wapi?" akauliza.

"Umeshapita. Tulia."

Alitaka kutoka pale, na aliona haya kutoka, na akaelewa kwamba Khandu amekuwa akitaka kutoka pale mwaka mzima. "Na wangu," akasema, "nao ulikuwa unalia hivi?"

Kule mwisho yule kijana alikuwa anapanga miguu kwa mshale wake wa pili.

"Wako sijui," akasema Khandu. "Wako nilikuwa nafumba macho na kuziba masikio."

Gyembo hakumwachia mkono. Akamwambia kesho ampeleke hospitali, alfajiri, kabla hajapata nafasi ya kubadili mawazo, na hata akilia njiani asigeuze gari. Khandu akasema sawa. Kisha mtu akapiga kelele kwamba unakuja, na wazee wawili wakasimama wameshikana, wakingoja uwafikie.